KUFUFUA GARI KUUKUU LA CHAMA: MPANGO KWANZA, SPANA BAADAYE

Katika nyua za vyama vingi vya msingi husimama gari kuukuu lisilotembea. Matairi yamelala, kuku hutaga chini ya kiti cha dereva, na kila mwaka habari zake huzuka katika Mkutano Mkuu. Mwanachama mmoja husema liuzwe kwa kilo kama chuma chakavu. Mwingine hujibu kwamba lilinunuliwa kwa jasho la wazee, na kwamba yuko fundi aliyeahidi kuliamsha kwa mwezi mmoja. Wote wawili husema kwa nia njema, lakini ni nadra mmoja wao kuwa na kipimo chochote mkononi.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza namna chama kinavyoweza kupanga kazi ya kufufua gari la zamani, tangu siku ya kulikagua hadi siku ya kulikabidhi kwa dereva, bila kupoteza fedha za wanachama. Mfano uliochaguliwa ni Land Rover ya miaka ya 1958 hadi 1985, kwa sababu ndilo gari linalofahamika zaidi mashambani, na kwa sababu vipuri vyake vingi vingali vinatengenezwa. Hata hivyo, utaratibu utakaoelezwa wafaa pia kwa lori la Bedford au gari la Peugeot 404.

GARI LENYEWE

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa umma mjini Amsterdam mwaka 1948. Wakati huo Uingereza ilikuwa imetoka vitani, na chuma kiligawiwa kwa kibali. Kwa hiyo waundaji walitengeneza bodi kwa bati la alumini na kubakiza chuma katika chasisi na sehemu chache nyingine. Aina ya pili ilitoka mwaka 1958, ikarekebishwa mwaka 1961, na aina ya tatu ikatoka mwaka 1971 na kuendelea kuundwa hadi 1985. Magari hayo yaliundwa kwa urefu wa namna mbili: fupi, lenye inchi 88 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na refu, lenye inchi 109, yaani sentimita 277 hivi.

Injini iliyotumika zaidi ni ya silinda 4 yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,286, ya petroli au ya dizeli. Ni injini ya mwendo wa taratibu, isiyo na mambo mengi, ambayo fundi wa kawaida aweza kuifungua kwa spana za kawaida. Hiyo ndiyo sababu kubwa inayofanya gari la miaka 50 liweze kufufuliwa hata leo. Lakini wepesi huo ndio pia unaowadanganya watu. Kwa kuwa kila kipande chaweza kutengenezwa, hudhaniwa kwamba gari zima laweza kutengenezwa kwa bei yoyote.

SWALI LA KWANZA: LIFUFULIWE KWA KAZI GANI?

Kabla ya fundi kuitwa, yaipasa Bodi ijibu swali moja kwa maandishi: gari likipona, litafanya kazi gani? Majibu ni ya namna tatu, na kila moja lina gharama yake.

(a) Kwa kazi ya kila siku. Gari litabeba mbolea, mizani na watumishi. Hapo linatakiwa liwe imara na salama, na si lazima lifanane na lilivyotoka kiwandani. Breki nzuri na rejeta isiyovuja ni muhimu kuliko rangi.

(b) Kwa kumbukumbu. Gari litatunzwa kama historia ya chama, litokee katika sikukuu na maonyesho. Hapo uhalisi ndio thamani yake. Kipande cha asili kilichochakaa kidogo hakitupwi ovyo, hutengenezwa. Kazi ya namna hii huchukua muda mrefu na huhitaji subira kubwa.

(c) Kwa kuuzwa. Gari hurekebishwa kwa kiasi cha kulipandisha bei, kisha huuzwa kwa zabuni. Hapo kila shilingi itakayotumika sharti irudi na faida, na kama hairudi, gari liuzwe lilivyo.

Chama kisichochagua mojawapo huchanganya yote matatu. Hununua taa za asili kwa bei kubwa, kisha hubandika viti vya basi. Hupaka rangi ya kung'aa juu ya chasisi iliyooza. Mwishowe hakuna kazi inayofanyika, wala kumbukumbu, wala bei.

UMILIKI NA KARATASI

Jambo la pili ni kuhakikisha kwamba gari ni mali ya chama. Katika Tanzania jambo hili si la kupuuzwa. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na kazi zake zikachukuliwa na mamlaka za mazao. Huko vijijini, serikali za vijiji zilizoundwa kwa Sheria ya mwaka 1975 zilishika nafasi ya vyama vya msingi. Ushirika ulirudishwa kwa Sheria ya mwaka 1982. Katika kipindi hicho magari, maghala na mashine vilipita katika mikono mingi, na si kila mkono uliacha hati. Gari lililonunuliwa mwaka 1972 laweza kuwa limesimama katika ua wa chama kwa miaka 30, na bado kadi yake iwe na jina la mwingine.

Kwa hiyo Katibu atafute kadi ya gari, aisome namba ya chasisi iliyoandikwa humo, na kuilinganisha na namba iliyo kwenye kibao cha gari na ile iliyogongwa kwenye chuma cha chasisi sehemu ya mbele. Namba ya injini nayo ilinganishwe. Kisha daftari la mali za kudumu lifunguliwe: je, gari limeandikwa? Liliandikwa kwa thamani gani? Lilipata kufutwa? Kama karatasi hazipatani, mamlaka ya usajili wa magari iulizwe kabla ya senti moja kutumika. Kufufua gari lisilo na hati ni kumjengea mwenzio nyumba kwenye kiwanja chake.

UKAGUZI KABLA YA KUFUNGUA CHOCHOTE

Ukaguzi mzuri hufanywa na fundi asiyetarajiwa kupewa kazi yenyewe. Alipwe ada yake ya siku moja au mbili, naye aandike taarifa. Fundi atakayepata kazi huweza kushawishika kudogosha ubovu ili akubaliwe, kisha auongeze gari likiwa limekwisha funguliwa.

Chasisi ndiyo ianze. Bodi ya alumini haishiki kutu, na kwa hiyo Land Rover iliyooza yaweza kuonekana nzima kwa nje. Chasisi yake ni ya chuma chenye uwazi ndani kama bomba la pembe nne. Matope na maji huingia na kukaa humo, na kutu hula kutoka ndani kuja nje. Mkaguzi alale chini ya gari na nyundo ndogo na bisibisi kuukuu. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza huitika kwa sauti nzito, na bisibisi huingia. Mahali pa kuangalia hasa ni boriti ya nyuma, mikono ya pembeni inayobeba bodi, na pale springi zinaposhikizwa. Rangi nyeusi mpya au lami iliyopakwa karibuni isimfurahishe mtu, ikwanguliwe.

Ukuta wa chuma ulio kati ya injini na miguu ya dereva ufuate. Ukuta huu hubeba mlango, usukani na pedali. Sehemu ya chini, pale miguu inapokaa, na pembe za juu karibu na bawaba za kioo, ndizo huoza kwanza. Aidha, mahali ambapo alumini hugusana na chuma penye unyevu, alumini ndiyo huliwa, na dalili yake ni unga mweupe unaovimbisha rangi. Mara fundi atakapounga upya, aweke kitu cha kutenganisha madini hayo mawili.

Injini isiyowashwa kwa miaka isilazimishwe. Huu ni upungufu uonekanao mara nyingi: betri mpya hufungwa, stata hupigwa, na ringi zilizogandiana na silinda huvunjika. Utaratibu ulio sawa ni kutoa plagi, kumimina oili kidogo katika kila silinda, kuiacha siku mbili au tatu, kisha kuizungusha injini polepole kwa mkono wa kuwashia. Petroli ya zamani imwagwe mahali salama, na tangi lioshwe. Oili ikaguliwe: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia ndani.

Injini ikizunguka bila kukwama, nguvu ya mgandamizo ipimwe katika kila silinda. Plagi zote ziwe zimetolewa, na pedali ya mafuta ikanyagwe hadi mwisho. Kinachotazamwa zaidi ni kama silinda zote 4 zinakaribiana. Silinda moja ikiwa dhaifu, kijiko kidogo cha oili kimiminwe ndani na kipimo kirudiwe. Kipimo kikipanda, ubovu ni wa ringi au silinda yenyewe. Kisipopanda, ubovu ni wa valvu au gaskiti. Tofauti hiyo ni kubwa kwa fedha, kwani kazi ya valvu hufanywa kwa kufungua kichwa cha injini tu, lakini kazi ya ringi hufungua injini nzima.

Mwisho yakaguliwe magurudumu, breki na umeme. Nyuma ya kila gurudumu la mbele mna mpira wa chuma uliopakwa kromu, ambao sili yake huzuia oili. Kromu ikichimbika, sili mpya itakatika upesi, na kununua sili peke yake ni kutupa fedha. Mabomba ya breki ya chuma na ya mpira yahesabiwe yote kuwa ya kubadilishwa. Nyaya zilizotafunwa na panya zisiungwe kwa utepe. Yafaa ikumbukwe pia kwamba katika magari mengi ya kabla ya mwaka 1967, ncha chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye chasisi, kinyume cha magari ya baadaye. Fundi umeme asiyejua jambo hilo aweza kuunguza vifaa kwa siku moja.

ORODHA NA MAKISIO

Taarifa ya ukaguzi igeuzwe kuwa orodha yenye safu nne: vilivyo salama, vya kutengenezwa, vya kununuliwa, na visivyojulikana mpaka gari lifunguliwe. Safu ya nne ndiyo ya ukweli. Makisio yasiyo nayo yameandikwa na mtu asiyejua kazi, au na mtu anayejua lakini anaficha.

Bei za vipuri zitafutwe kwa wauzaji watatu, kwa maandishi na kwa tarehe. Kisha makisio yapangwe kwa mafungu. Na ichukuliwe hesabu ya mfano, ambayo tarakimu zake ni za kufundishia tu:

Vipuri: Sh. 7,000,000
Ufundi wa injini, giaboksi na breki: Sh. 4,000,000
Kuchomelea chasisi na ukuta wa mbele: Sh. 2,500,000
Bodi na rangi: Sh. 1,500,000
Usafiri wa vipuri, bima na usajili: Sh. 1,000,000
Jumla ndogo: Sh. 16,000,000
Fungu la tahadhari, asilimia 25: Sh. 4,000,000
Jumla kuu: Sh. 20,000,000

Fungu la tahadhari halitolewi kwa fundi, wala halitajwi katika mkataba wake. Hutunzwa na chama kwa ajili ya safu ya nne, na hutumika kwa azimio la Bodi tu. Lisipotumika lirudi katika akaunti.

Hesabu hiyo isiishie hapo. Wanachama wengi hawaoni uzito wa milioni 20, lakini huuona uzito wa gunia. Kama chama kina wanachama 400, kila mmoja atakuwa ametoa Sh. 50,000. Kama chama hukata Sh. 100 katika kila kilo ya zao, gari litakula makato ya kilo 200,000, yaani tani 200. Hapo ndipo Mkutano Mkuu uulizwe: je, tani 200 za makato ziende kwenye gari hili, au kwenye paa la ghala, au kwenye mizani mpya? Swali likiulizwa hivyo, wanachama hujibu kwa akili zao timamu, na jibu lolote watakalotoa litakuwa lao. Baada ya hapo, fedha zikiidhinishwa, ziingizwe katika makisio ya mwaka. Zisichukuliwe katika fedha za pembejeo kwa ahadi ya kurudishwa.

AWAMU ZA KAZI

Gari lisifufuliwe kwa mkupuo. Kazi igawanywe katika awamu, na kila awamu iwe na mwisho unaoonekana kwa macho.

Awamu ya kwanza: chasisi, ukuta wa mbele na springi. Awamu ya pili: usukani, ekseli na breki. Awamu ya tatu: injini, rejeta, klachi na giaboksi. Awamu ya nne: nyaya, taa na betri. Awamu ya tano: bodi, viti, vioo na rangi.

Mpangilio huu una sababu zake. Chasisi huja kwanza kwa kuwa ikishindikana, mengine yote hayana maana. Breki hutangulia injini kwa sababu gari linaloweza kwenda lisiloweza kusimama ni hatari kwa kila mtu. Rangi huja mwisho kwa sababu moto wa kuchomelea, oili na spana vitaiharibu. Viongozi wengi hupenda rangi ianze ili wanachama waone kazi inafanyika. Wanachama huona kweli, hupiga makofi, na mwaka unaofuata gari hilo linalong'aa bado limesimama palepale.

Malipo yafuate awamu. Fundi apewe vipuri vya awamu moja na sehemu ya ujira wake, na salio alipwe baada ya mkaguzi kuandika kwamba awamu imekamilika. Fundi anayedai fedha zote mwanzoni amwachie mwingine kazi.

KUFUNGUA NA KUTUNZA VIPANDE

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hakuna mahali ambapo methali hii hutimia upesi kama katika gari lililofunguliwa. Gari likiwa zima, hata mtoto aweza kuona kama kioo kimetoka. Likiwa vipande mia kadhaa sakafuni, hakuna awezaye kusema kabureta imekwenda wapi.

Kabla ya kufungua, gari lipigwe picha pande zote, pamoja na injini, nyaya na mabomba. Kila kipande kinachotoka kifungwe kibandiko chenye namba, na namba hiyo iandikwe katika daftari pamoja na tarehe na jina la aliyekitoa. Bolti na nati za sehemu moja ziwekwe katika kopo moja. Vipande vikubwa, kama stata, dainamo na kabureta, vigongwe alama ya siri ya chama, kwa kuwa wizi ulio mwepesi kuliko wote ni kubadilisha kipande kizuri kwa kibovu cha namna ileile. Stoo iwe na funguo mbili mikononi mwa watu wawili. Kila kipuri kipya kinapotolewa stoo, kile cha zamani kirudi. Kipuri cha zamani kisichorudi maana yake ni kwamba kipya hakikufungwa, au cha zamani kimeuzwa.

VIPURI

Mtu asiende dukani na kuomba kipuri cha Land Rover ya zamani bila maelezo zaidi. Aende na namba ya chasisi, na inapowezekana aende na kipande chenyewe. Magari haya yalifungwa vipande vya aina mbalimbali kwa miaka mingi, na si ajabu kukuta gari la aina ya pili lenye giaboksi ya aina ya tatu. Hata injini ile ya 2,286 si moja: hadi mwaka 1980 shafti yake kuu ilishikwa na beringi 3, na kuanzia mwaka huo ikashikwa na beringi 5. Anayenunua beringi bila kujua hilo atarudi dukani, ikiwa duka litakubali kuzipokea.

Jambo jingine ni la mafuta. Injini hizi ziliundwa wakati petroli ilipokuwa na risasi, ambayo pamoja na mengine ililinda viti vya valvu visiliwe. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha petroli hiyo kufikia mwanzo wa mwaka 2006, kwa faida kubwa ya afya, hasa ya watoto. Kwa hiyo kichwa cha injini kikifunguliwa kwa kazi ya valvu, fundi aulizwe kuhusu kuweka viti vya chuma kigumu. Ni gharama ndogo wakati kichwa kimekwisha kuwa mezani, na ni kubwa ikiwa kitafunguliwa mara ya pili.

Kama chasisi haifai kuchomelewa, yafaa ijulikane kwamba huko Uingereza chasisi mpya za magari haya zingali zinatengenezwa, zikiwa zimechovywa katika zinki ili zisishike kutu. Lakini usafirishaji na ushuru wake ni mzigo mzito, na kubadilisha chasisi ni kubadilisha kitambulisho cha gari. Hatua hiyo isichukuliwe bila azimio la Mkutano Mkuu na bila kuijulisha mamlaka ya usajili.

MAFUNDI NA USALAMA WAO

Mkataba uwe wa maandishi, utaje awamu, muda, ujira, na nani anunue nini. Chama ndicho kinunue vipuri, na fundi afanye kazi. Mtu mmoja akifanya yote mawili, ankara huwa hazina shahidi. Yafaa pia mkataba utake fundi afundishe vijana wawili wa wanachama. Gari la namna hii ni shule nzuri, kwa kuwa kila kinachotendeka ndani yake huonekana kwa macho, na baada ya kazi chama kitabaki na watu wanaojua kulitunza.

Usalama usipuuzwe. Vitambaa vya breki na klachi vya miaka ile vilikuwa na asbesto, ambayo vumbi lake huleta maradhi ya mapafu, pamoja na saratani, miaka mingi baadaye. Vumbi hilo lisipulizwe kwa mdomo wala kwa mashine ya upepo. Lilowanishwe kwa maji, lifutwe kwa kitambaa, na kitambaa hicho kifungwe na kutupwa mbali na watu. Gari lililoinuliwa kwa jeki lisiingiwe chini mpaka liwekewe magogo au stendi. Tangi la petroli lisichomelewe, hata kama linaonekana kavu.

WAKATI WA KUSIMAMA

Mpango mzuri hueleza pia ni wakati gani kazi iachwe. Bodi iandike tangu mwanzo mipaka mitatu: chasisi ikionekana kuoza kuliko ilivyokadiriwa, kazi isimame, fungu la tahadhari likiisha kabla ya awamu ya tatu, kazi isimame, muda ukizidi kwa nusu, kazi isimame. Kusimama si kuacha kabisa, bali ni kurudi kwa wanachama na taarifa mpya.

Jambo hili ni gumu kuliko yote, kwa sababu fedha zilizokwisha tumika huwavuta watu watumie nyingine. Husemwa, "Tumekwisha toa milioni 12, hatuwezi kuacha sasa." Lakini hizo milioni 12 zimekwenda, na hazitarudi gari likiendelea wala likiachwa. La kuuliza ni moja tu: fedha zitakazotoka kuanzia leo zitaleta kitu chenye thamani inayozidi fedha hizo? Kama jibu ni hapana, gari lithaminiwe na liuzwe kwa zabuni ya wazi. Wala lisiuzwe kwa kilo. Land Rover ya zamani, hata isiyotembea, ina wanunuzi wanaoitafuta kwa vipuri na kwa kumbukumbu, na injini moja nzima au karatasi zilizotimia huongeza bei yake. Aliyeharakisha kuiuza kama chuma chakavu mara nyingi alikuwa anajua nani ataikuta sokoni.

BAADA YA GARI KUTEMBEA

Siku gari litakapotoka karakana, kazi nyingine huanza. Thamani yake mpya iandikwe katika daftari la mali. Bima ikatwe. Dereva ateuliwe kwa barua, na daftari la safari lifunguliwe, lionyeshe kilomita, mafuta na jina la aliyeidhinisha kila safari. Kilomita 500 za kwanza ziende polepole bila mzigo mkubwa, kisha oili ibadilishwe, na bolti za kichwa cha injini, magurudumu na springi zikazwe upya. Makisio ya mwaka unaofuata yawe na fungu la matengenezo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Vipande vilivyosalia, picha, ankara, taarifa ya ukaguzi na mikataba yote vifungwe katika jalada moja, na jalada hilo litunzwe na Katibu. Litamfaa mkaguzi wa hesabu, litamfaa fundi atakayelifungua gari baada ya miaka 10, na litawafaa wanachama. Mwanachama aliyekatwa shilingi zake kila kilo ana haki ya kufungua jalada hilo, kuona breki ziligharimu kiasi gani, na kuuliza kwa nini. Chama kinachoweza kumjibu bila kutafuta maneno kimefufua zaidi ya gari.